Gundi Isiyo na Mrututu

Kigango cha Mt. Barbara,
Ilalambasa, Geita.
14 Agosti 2023

Kwa Fundi Scolastika, Ngokolo, Shinyanga.

Tumsifu Yesu Kristo.

Hunijui, lakini kazi ya mikono yako naijua. Mwezi wa saba nilikwenda harusini Kahama, na nyuma ya kiti cha maharusi palisimamishwa dirisha refu la rangi, taa zikiwaka nyuma yake. Nikadhani ni kioo. Nikainuka na sahani yangu ya pilau nikaenda kuligusa, kumbe karatasi! Mwenye ukumbi alinifokea mbele za wakwe, wala sikujali. Ndiye aliyenipa jina lako.

Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi ya kigango chetu. Huku kwa wachimbaji Mtakatifu Barbara ni wetu, ndiye anayewaombea wanaoshuka chini. Kanisa tunasali ndani yake tangu mwaka juzi, paa lipo, na magogo yake mazito yote alitoa mume wangu, Baba Kalisti. Kilichobaki ni dirisha la nyuma ya altare, upande wa mashariki. Tumeliziba kwa turubai, na upepo ukivuma Padre anahubiri akishindana nalo.

Nataka Barbara na mnara wake wenye madirisha matatu. Na chini, kama nilivyoona kwenye vitabu vya Padre, mume na mke waliotoa dirisha, wamepiga magoti, mikono imeshikana. Wawe sisi wawili. Usinicheke. Nimezaa mmoja tu, naye yuko Dodoma, habari za kanisa hataki kuzisikia. Nikifa nataka pawe na mahali ambapo nimebaki.

Nijibu kwa barua, uipe ofisi ya basi la Geita. Simu yangu ikilia hupokea Baba Kalisti, na mimi nataka jambo hili liwe langu kwanza.

Paskazia, Mama Kalisti

*

Ngokolo, Shinyanga
22 Agosti 2023

Shikamoo Mama Kalisti,

Sijakucheka. Nimecheka ile sahani ya pilau tu.

Kazi nitaifanya. Nikueleze inavyokuwa, maana wengi wakisikia karatasi wanadhani ni maua ya kubandika ukutani. Niliyaona madirisha haya utotoni kwenye kalenda ya masista: makanisa ya kale ya Ulaya, ya Kigothi, madirisha marefu yamechongoka juu kama viganja viwili vinavyosali. Kioo sikuwa nacho. Karatasi nilikuwa nayo, na kaka yangu alikuwa na wembe. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika wembe, kwamba unageuza karatasi, mkono huugeuzi.

Napanga karatasi saba, moja juu ya nyingine, kila moja imekatwa kivyake. Ya mbele ni manila nyeusi, ndiyo mistari. Zinafuata za rangi, nyepesi na nzito. Ya saba inagusa kioo. Jua likija kwa nyuma, penye tundu kwenye zote saba panawaka, pengine panabaki giza au rangi.

Gundi napika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Ndani natia mrututu, ule wa buluu wa kwenye duka la pembejeo, kwa sababu gundi ya muhogo ni chakula na mende anajua hivyo. Bila mrututu dirisha lako litaliwa kama ugali. Na uweke vioo viwili, cha nje na cha ndani, karatasi ikae katikati. Tafadhali usikubali fundi akuambie kimoja kinatosha.

Niletee vipimo, picha za nyuso zenu, na kitu chochote cha hapo kwenu ninachoweza kukirudia kwenye ukingo. Jani, ndege, alama, chochote.

Wako,
Scolastika Lugwisha

*

Ilalambasa
3 Septemba 2023

Mwanangu Scolastika,

Marahaba. Vipimo hivi hapa, na picha ya Baba Kalisti na yangu. Mimi nipunguze kidevu kidogo, yeye mwache alivyo, ni mtu wa kupendeza.

Kuhusu ukingo, nina kitu kizuri. Kwenye magogo ya paa pana alama iliyochongwa kwa kisu, upinde una miguu miwili, na tundu katikati. Ipo kwenye magogo yote kumi na mawili, mahali palepale. Fundi wa paa anasema yalikuja hivyo kwenye lori. Nimepanda ngazi mwenyewe, nimeweka karatasi juu yake na kusugua penseli ili uione ilivyo. Nimekaa chini yake karibu miaka miwili nikiipenda. Huenda ni alama ya aliyekata miti. Ukiipanga kuzunguka dirisha zima, itapendeza sana.

Niambie kama inafaa.

Mama Kalisti

*

Ngokolo
9 Septemba 2023

Wifi yangu Asteria,

Kaa chini kabla hujafungua hiyo karatasi ya penseli niliyoiweka ndani. Umekaa?

Ni chapa ya ng'ombe wa baba. Usijidanganye kwamba imefanana tu. Kaka yangu Masele alipokuwa mtoto aliichonga kwenye maboga, kwenye madawati, hata kwenye soli ya kiatu changu, na siku zote tundu lilimponyoka likaja kushoto kidogo. Tazama. Liko kushoto.

Aliniambia mwenyewe kwamba kila gogo alilosimamisha chini ya duara, lile shimo lao la dhahabu, alilitia chapa, ili akishuka ajue lipi kasimamisha yeye. Sasa magogo yake kumi na mawili yanashikilia paa la kanisa huko Ilalambasa, mwendo wa saa mbili kutoka mgodi wa Namba Saba alikofukiwa. Wametuambia nini miaka hii miwili? Kwamba duara lilikuwa limefungwa na matimba, yale magogo ya kuzuia udongo, yote yamo ndani, imara. Kwamba Masele na wenzake wanne waliingia kuiba. Udongo ulipowaangukia, wakafukia shimo kwa tingatinga na watu mle mle. Kumbe nguzo zilikuwa zimekwisha kung'olewa, ziko juu, watu wanaziimbia utukufu!

Nimeweka na picha ya mwanamume. Mimi bosi wao sijawahi kumwona, hata matangani hakuja. Wewe ulimwona. Ndiye?

Nimejikata mara mbili leo.

Scola

*

Didia
13/9/2023

Wifi,

Ndiye. Bosi Deu. Niliposimama langoni kwake Namba Saba kuomba mwili, aliteremsha kioo cha gari robo, akasema mumeo alikuwa mwizi, nenda. Akapandisha. Hiyo robo ya uso siwezi kuisahau.

Sasa nikwambie tena nililosema polisi wakaniuliza ushahidi uko wapi. Ile Jumamosi asubuhi Masele alinipigia. Alisema bosi katoa matimba jana, ameahidi mapya Jumatatu, na amesema asiyeshuka leo asirudi tena. Akasema anashuka. Basi.

Hapa kijijini naitwa mke wa mwizi. Kisimani wananipisha kama nina ndui. Baba mkwe anakaa tu kwenye zizi.

Usimjibu huyo mama kwa hasira. Mjibu vizuri. Mimi sitaki huyo bosi aje usiku kuniomba msamaha. Nataka aonekane. Kanisani kwake, amevaa vizuri, watu wote wamejaa.

Wewe una wembe. Fikiria.

Asteria

*

Ngokolo
20 Septemba 2023

Shikamoo Mama Kalisti,

Alama imefika. Inafaa mno. Nimeipenda kuliko ninavyoweza kuandika.

Nina maswali madogo. Chini ya mume na mke huandikwa majina: la Baba Kalisti kwa ukamilifu ni lipi? Na je, magogo hayo yalitoka wapi, na yaliletwa lini? Nataka kujua ni mti gani ili nichague rangi ya kahawia inayolingana na paa lenu.

Halafu nimefikiri tena habari ya vioo. Huko kwenu kuna mvuke mwingi wakati wa masika, na karatasi ikibanwa pande mbili itaota ukungu. Weka kioo cha nje tu. Upande wa ndani uache wazi, karatasi ipumue.

Kidevu nitakipunguza.

Scolastika Lugwisha

*

Ilalambasa
1 Oktoba 2023

Mwanangu,

Ni Deusdedit Mwigulu. Mimi niandike Paskazia tu.

Magogo yaliletwa Ijumaa tarehe 19 Novemba 2021. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimemsumbua mno. Tulitangaza kufungua kanisa siku ya Mtakatifu Barbara, tarehe nne Desemba, na paa halina nguzo hata moja. Kila akikaa mezani namwambia magogo, magogo. Siku hiyo lori likaja, nikapiga vigelegele barabarani.

Yalitoka wapi, sikuwahi kuuliza. Nimemuuliza jana wakati anakula. Aliweka kijiko chini, akauliza nani anataka kujua. Nikasema mimi. Akasema yametoka msituni kwa rafiki yake, na akaondoka bila kunawa.

Nimeelewa kuhusu kioo. Kitakuwa kimoja.

Paskazia

*

Ngokolo
8 Oktoba 2023

Wifi,

Ijumaa tarehe kumi na tisa. Masele alikupigia Jumamosi tarehe ishirini. Mke wa bosi ameniandikia mwenyewe, kwa wino, na vigelegele juu.

Ungesema nichukue barua hii niende nayo polisi. Nilifika mpaka mlangoni, nikageuka. Wataita upande wa pili, atateremsha kioo robo. Wewe ulisema aonekane, na ataonekana. Sikiliza.

Kwenye karatasi ya saba, ile inayogusa kioo, nimekata majina matano. Masele Lugwisha. Sostenes. Abel. Zamoyoni. Sufiani. Herufi ni matundu, jua likipita zinawaka. Juu yake zinakuja karatasi sita, na mahali pa majina hayo ndipo alipopiga magoti Deusdedit Mwigulu, uso wake, suti yake, mikono yake ya sala. Dirisha lote nimelipaka gundi ya mrututu, hakuna mende atakayeligusa. Yeye peke yake nimembandika kwa gundi tamu. Unga wa muhogo na sukari guru. Nilionja, tamu kweli.

Kioo cha ndani nimewakatalia. Mende watamla taratibu, Jumapili hadi Jumapili, na yeye amekaa kiti cha mbele anajitazama akiisha. Akishaisha, watasoma waliomo nyuma yake.

Nimecheka peke yangu hapa mpaka jirani akagonga ukuta.

Kuna jambo moja nakuachia wewe. Mke amepiga magoti pembeni yake. Nyuma yake hakuna jina. Nimbandike kwa gundi ipi?

Scola

*

Didia
12/10/2023

Wifi,

Yeye mtie mrututu, na uzidishe.

Alipiga vigelegele. Mume akishaliwa, huyo abaki pale amepiga magoti mbele ya majina. Abaki miaka yote. Si alitaka mahali pa kubaki?

Asteria

*

Ngokolo
20 Novemba 2023

Shikamoo Mama Kalisti,

Dirisha linakuja na basi la kesho, limelala kati ya magodoro mawili. Nimempa utingo maelezo mpaka amenichukia. Upande wenye alama ya kalamu nyekundu utazame kioo. Lisioshwe kwa maji, lisifutwe kwa kitambaa.

Baba Kalisti ametoka vizuri sana. Nimemfanyia kazi ya pekee.

Leo tunakumbuka msiba nyumbani kwetu, kwa hiyo sitaandika zaidi.

Scolastika Lugwisha

*

Ilalambasa
7 Januari 2024

Scolastika,

Dirisha lilibarikiwa Jumapili tarehe tatu Desemba. Watu walilia. Baba Kalisti alipigwa picha chini yake na kila mtu, hata na wasiomjua.

Ufunguo wa kanisa ninao mimi, nafagia kila asubuhi kabla jua halijapanda. Nimeona jinsi mwanga unavyoingia.

Mende wapo. Wameanza kwenye kiatu chake. Amewaona, na amenunua dawa ya kupuliza, chupa nne, kasema nipulize kila siku.

Pole kwa msiba wenu. Hukusema ni wa nani.

Paskazia

*

Ngokolo
15 Januari 2024

Wifi,

Tumekwisha. Amenunua dawa ya mende, chupa nne! Miezi mizima nimepanga kila tundu, nikasahau kwamba mwenye hela hununua dawa. Na yule mke wake ndiye mpulizaji, mtiifu kabisa, kila asubuhi na ufagio wake.

Hata barua yake imenitia wasiwasi. Zamani alikuwa anaandika kama anaongea, sasa ananipimia maneno. Sijui anajua nini. Nimeandika majibu mara tatu nikayachana.

Ningeweza kwenda huko niseme nakuja kukarabati. Lakini nikimwona yule mtu ana kwa ana na wembe mkononi, sijiamini.

Nisamehe. Nilikuahidi.

Scola

*

Ilalambasa
29 Mei 2024

Scolastika binti Lugwisha,

Naandika jina lako hivyo kwa sababu nililisoma mara mbili, chini ya barua zako na kwenye dirisha.

Ulipouliza magogo yalitoka wapi, na mume wangu akaweka kijiko chini, nilikwenda kwa dereva wa lori. Ni mwanakwaya wetu, anaimba besi. Nilimuuliza mbele ya mkewe. Alilia. Akasema yalivutwa kwa winchi kutoka kwenye duara la Namba Saba, yamelowa, yana tope jekundu, na kijana mmoja alisimama pembeni akisema bosi, hayo nimeyatia chapa mimi, tutashukaje? Mume wangu akamjibu kwamba mke wangu hanipi usingizi na paa lake.

Na paa lake. Ndivyo alivyosema.

Kwa hiyo nilipokuandikia ile barua ya Oktoba bado nilikuwa sijajua kitu, lakini ulipotuma dirisha nilikuwa najua. Ulisema kioo kimoja kinatosha baada ya kuniambia nisikubali kamwe kusikia hivyo. Nilizisoma barua zako zote mbili zikiwa zimelala sambamba kitandani. Nikamwambia fundi aweke kimoja.

Asubuhi ya kwanza, kabla ya ile ya kubarikiwa, jua lilipiga kioo na mimi nimeshika ufagio. Ndani ya suti ya mume wangu nikaona herufi za mwanga. Zilikuwa hafifu, lakini nilizisoma. Nilifagia kanisa lile lote mara mbili, nisijue nifanye nini kingine.

Zile chupa nne za dawa nilizimwaga chooni. Nikazijaza maji ya sukari. Kila asubuhi nilipuliza, yeye akija kukagua ananikuta napuliza, ananisifu. Wewe ulinionyesha njia, mwanangu, lakini mende wale niliwalea mimi.

Jumapili hii ilikuwa ya Utatu Mtakatifu, Padre alikuwepo, kanisa limejaa mpaka nje. Uso ulikuwa umebaki sikio na kola. Wakati wa mahubiri wingu likaondoka. Majina yote matano yakawaka kwa pamoja, na katekista mwenyewe, bila kufikiri, akayasoma kwa sauti kama anavyosoma matangazo. Alipofika Sufiani akanyamaza, kwa sababu Sufiani tunamjua, mama yake ni Bi Zuhra anayeuza vitumbua nje ya lango letu. Mtu akatoka kumwita. Bi Zuhra hajawahi kuingia kanisani maisha yake. Aliingia na kanga yake kichwani na mafuta mikononi, akaenda moja kwa moja mpaka mbele, akasimama chini ya jina la mwanawe.

Mume wangu aliinuka kutoka. Anakaa katikati ya benchi. Hakuna aliyesogeza magoti. Ilimbidi akae tena.

Ndipo nikasimama mimi. Nilisema tarehe, nikasema lori, nikanyoosha mkono juu kwenye magogo, nikasema na vigelegele vyangu. Dereva akasimama kwenye kwaya akasema ni kweli. Tangu hapo mume wangu ameitwa Geita mara mbili kuhojiwa, na dereva ameandikisha maelezo. Wanasema watafukua Namba Saba, ila hawasemi lini. Yeye amehamia kwa ndugu yake. Nyumbani niko peke yangu.

Nimekuandikia pia nikushukuru. Yeye ameliwa akaisha, lakini mimi mende hawakunigusa hata kucha. Nimepiga magoti pale, kidevu kimepunguzwa, mzima kabisa. Nimeelewa kwamba ulinihurumia. Sikustahili.

Paskazia

*

Ngokolo
5 Juni 2024

Mama Paskazia,

Usinishukuru. Sikukuhurumia. Nilikutia mrututu mara mbili ili ubaki umepiga magoti mbele ya majina yao, wewe na vigelegele vyako, hata baada ya sisi sote kufa. Wifi yangu ndiye aliyechagua, na mimi nilifurahi kupika gundi hiyo. Nilidhani nitajisikia vibaya kukuandikia hivi, sivyo.

Kuhusu maji ya sukari, hilo sikulitegemea. Nimelisoma mara nyingi. Sijui niliweke wapi, kwa hiyo sitalijibu.

Nina dai moja. Kaka yangu hana kaburi, na sitangoja serikali ifukue. Nataka gogo moja. Lile lililo juu kabisa ya kiti alichokuwa akikaa mumeo. Waambie mafundi wabadilishe, walishushe bila kulikata, lipelekwe Didia kwa Asteria mke wa Masele. Baba yetu amesema tutalizika.

Scolastika Lugwisha

*

Didia
17/6/2024

Wifi yangu Scola,

Umekwama Shinyanga na homa siku ambayo hukutakiwa kukwama, kwa hiyo nakueleza yote.

Gogo limefika Jumamosi. Mama Kalisti alikuja nalo. Hakukaa mbele na dereva. Alikaa nyuma kwenye bodi, ameshikilia gogo, vumbi lote lake, kutoka Geita mpaka hapa.

Nilikuwa uani napepeta mpunga. Alishuka, akaja mpaka niliposimama, akapiga magoti kwenye makapi. Mwanamke umri wa mama yangu. Akainamisha kichwa akaniambia mimi shikamoo. Watu waliokuwa wanapita njiani walisimama.

Sikuitikia. Nilijaza ungo tena nikaendelea kupepeta, makapi yakamwangukia.

Wanaume walishusha gogo. Nikatafuta chapa, nikatia kidole kwenye tundu. Kushoto kidogo. Hapo ndipo nililia, wifi, miaka yote sikulia vizuri. Tulilivisha shati lake la kijani, lile la harusi, tukalifungia katika blanketi. Baba mkwe alitoka kwenye zizi, akasema pale, akaonyesha kwa fimbo karibu na mlango wa ng'ombe. Tumemzika saa tisa alasiri. Katekista amesoma. Wale wa kisimani walikuja wote, wengine wakaniita mayu, mama, kwa sauti laini, wakasema wabeja, asante, kwa kuvumilia. Niliwapa majembe. Nilisimama nikaangalia wakifukia wao, mpaka udongo wa mwisho.

Tuliporudi uani alikuwa bado amepiga magoti. Kivuli cha ghala kilikuwa kimemfika kikampita. Hakuna aliyemwambia inuka, na mimi sikumwambia. Aliniona nakuja na udongo mikononi, akasema tena shikamoo.

Nilimpa maji ya kunywa. Basi.

Najua utaniuliza nilijisikiaje. Nilijisikia vizuri. Usimwambie Padre.

Alipokuwa anapanda lori alisema kama nitakubali atakuja Jumamosi hii kunisaidia mpunga, na Jumamosi nyingine tena. Nimemwambia aje, mpunga ni mwingi. Shikamoo zake mbili bado ninazo, sijaamua kama nitaziitikia.

Asteria, mke wa Masele Lugwisha